Mizunguko Mitatu na Robo Tatu

Uwanja wa barafu wa Tilburg, kusini mwa Uholanzi, una jina la mwanamke aliye hai. Nilipofika mji huo Septemba 2021 kusoma shahada ya uzamili, niliona jina hilo, Ireen Wüst, nikadhani ni la marehemu. Kwetu Kenya viwanja hupewa majina ya marais, na mtu wa kawaida akitaka kutajwa ukutani mara nyingi sharti afe kwanza. Mwenzangu wa nyumba, msichana wa huko huko, alicheka. Akaniambia kwamba Ireen Wüst ana miaka 35, ni mzaliwa wa Goirle, mji mdogo unaopakana na Tilburg, na kwamba wakati ule alikuwa mazoezini akijiandaa kwa Olimpiki yake ya tano.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Barafu niliyokua nayo ni ile ya ukwaju, iliyokuwa ikifungwa kwenye vifuko vya plastiki na kuuzwa dirishani kwa jirani. Nairobi kuna hoteli, Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, iliyofungua uwanja wa barafu mwaka 2005, lakini mimi niliishia kuupita nikiwa ndani ya basi. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipokodi viatu pale Tilburg, nilijifunza kama watoto wa Kiholanzi wanavyojifunza: nikisukuma kiti mbele yangu, huku watoto wa miaka sita wakinipita kushoto na kulia.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Njia ina mzunguko wa mita 400, sawa na njia ya riadha. Wachezaji hutoka wawili wawili, mmoja njia ya ndani na mwingine ya nje, na katika kila mzunguko hubadilishana njia ili umbali uwe sawa. Wanapokutana pale pa kubadilishana, anayetoka njia ya nje ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Hata hivyo, aliye kando yako si mpinzani wako peke yake. Unashindana na saa, na mshindi hujulikana wote wakishamaliza. Chuma cha kiatu kimeshikwa kwa bawaba upande wa mbele tu, kisigino kinaachia, ndiyo maana kila hatua hutoa mlio kama wa kofi. Viatu vya namna hiyo vilienea mwishoni mwa miaka ya 1990, na rekodi nyingi zikaanguka kwa mkupuo.

Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Hesabu hiyo niliijua kabla sijakanyaga barafu, kwa sababu nilikuwa na rafiki aliyekimbia mita 1500.

Nitamwita Zuhura, ingawa silo jina lake. Tulisoma shule moja ya bweni ya wasichana, tukilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na mimi chini. Mwaka 2013, tukiwa kidato cha pili, alishinda mita 1500 katika mashindano ya kaunti akiwa amevaa viatu vya kuazima. Tuliitana shoga. Kwa msomaji wa bara niseme: kwetu pwani mwanamke humwita rafiki yake mwanamke shoga, na neno halibebi zaidi ya hapo. Mama yangu ana mashoga watatu na kila alasiri wanakaa naye barazani. Neno lilo hilo akirushiwa mwanamume, ni tusi na ni shtaka. Nitarudi kwa Zuhura.

*

Ireen Wüst alizaliwa tarehe 1 Aprili 1986. Siku aliyotimiza miaka 15, tarehe 1 Aprili 2001, Uholanzi ikawa nchi ya kwanza duniani kuruhusu ndoa ya watu wa jinsia moja. Saa sita ya usiku ilipogonga, katika jengo la manispaa ya Amsterdam, meya Job Cohen aliwafungisha ndoa jozi nne za kwanza.

Sisemi kwamba binti wa Goirle alikuwa akifuatilia. Msichana wa miaka 15 siku yake ya kuzaliwa ana mambo yake. Ninachosema ni kwamba alipoingia utu uzima alikuta mlango umeshafunguliwa, na wala hakulazimika kujua ni nani aliyeusukuma.

Waliousukuma walianza zamani. Mwaka 1911 Uholanzi ilitunga kifungu cha sheria, 248bis, kilichomwadhibu mtu mzima aliyefanya mapenzi na mtu wa jinsia yake aliye chini ya miaka 21, ilhali kwa mwanamume na mwanamke mpaka ulikuwa miaka 16. Mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha majuzi tu, kikundi cha watu Amsterdam kiliunda chama na kukiita klabu ya Shakespeare. Jina hilo lilikuwa pazia. Klabu hiyo baadaye ikawa COC, na ipo hadi leo, kongwe kuliko jumuiya zote za aina yake zinazoendelea duniani. Januari 1969 vijana walisimama mbele ya bunge mjini The Hague na mabango wakikipinga kifungu cha 248bis. Mwaka 1971 kifungu kikafutwa. Kutoka hapo hadi ile ndoa ya usiku wa manane ikapita miaka mingine 30.

Nilimfahamu mama mmoja mzee mtaani kwetu Tilburg, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akinisaidia Kiholanzi changu kwa malipo ya kuumuliwa mahamri. Aliniambia kwamba katika miaka ya 1960 yeye na mwenzake walikuwa na chumba cha pili chenye kitanda. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mmoja wao alikivuruga kitanda kile kisha akakitandika upya, ili shuka zionekane zimelaliwa iwapo mgeni angechungulia. Walifanya hivyo kwa miaka kumi na moja. Nilimuuliza kama alikuwa mmoja wa wale wa The Hague mwaka 1969. Alisema hapana, aliogopa kupoteza kazi. Siku ile alikuwa darasani akifundisha hesabu.

*

Tarehe 12 Februari 2006, mjini Torino, Italia, Wüst alishinda mita 3000 akiwa na miaka 19. Hakuna Mholanzi aliyewahi kuwa bingwa wa Olimpiki ya Majira ya Baridi akiwa na umri mdogo kuliko huo. Kwenye mashindano hayo hayo akachukua shaba ya mita 1500. Ukitaka kuelewa uzito wa jambo hili, kumbuka kwamba kuteleza kwa kasi ni kwa Waholanzi kile ambacho mbio ndefu ni kwa Wakalenjin. Ngome ya mchezo ni kaskazini, jimbo la Friesland, ambako uwanja wa Thialf mjini Heerenveen hujaa mashabiki waliovaa rangi ya chungwa. Wüst alitoka kusini, Brabant, na akawapita wa kaskazini.

Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa umbali wote, taji linalotolewa kwa anayefanya vizuri zaidi katika mbio nne zikijumlishwa, kuanzia mita 500 hadi 5000. Taji hilo alilitwaa mara saba, la mwisho mwaka 2020. Anayeshinda mita 500 anahitaji mlipuko, anayeshinda 5000 anahitaji subira, na ni nadra mwili mmoja kukubali vyote viwili.

Mwaka 2009 ikajulikana kwamba ana uhusiano na Sanne van Kerkhof, naye mtelezaji wa timu ya taifa katika mbio za njia fupi. Wüst hakukanusha wala hakuitisha mkutano. Waandishi walipozidi kumuuliza, jibu lake lilikuwa kama la mtu aliyechoshwa: anataka kuzungumzia kuteleza. Sven Kramer, bingwa wa kiume wa zama zile, hakuna aliyemuuliza mapenzi yake yanaendeleaje. Kwa nini aulizwe yeye? Angekuwa na mvulana, alisema, wasingeuliza.

Jibu hilo nimelifikiria sana. Halikuwa na aibu ndani yake. Kabla na baada ya hapo amependana na wanaume na amependana na wanawake, na hakuna alichokificha. Alikuwa akidai haki ambayo kwetu hatuna hata jina lake, haki ya mambo yako kutokuwa habari.

Februari 2010, mjini Vancouver, Kanada, akashinda dhahabu ya mita 1500.

*

Kisha ikaja Sochi.

Juni 2013 Rais Vladimir Putin alitia saini sheria iliyokataza kile ilichokiita propaganda ya mahusiano yasiyo ya kiasili mbele ya watoto. Miezi minane baadaye Urusi ikawa mwenyeji wa Olimpiki ya Majira ya Baridi. Duniani kote watu walibishana: kususia au kwenda, kuvaa rangi za upinde wa mvua au kunyamaza. Mfalme Willem-Alexander na Waziri Mkuu Mark Rutte walikwenda kuiunga mkono timu yao, na nyumbani wakalaumiwa.

Tarehe 9 Februari 2014 Wüst alishinda mita 3000. Mcheki Martina Sáblíková akawa wa pili, na Mrusi Olga Graf akawa wa tatu. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwamba mwanamichezo wa kwanza aliyejitangaza wazi kuwa na mapenzi ya jinsia moja ameshinda dhahabu Sochi, ndani ya nchi ya Putin. Kila mtu akasubiri neno lake.

Halikuja. Putin mwenyewe alitembelea jumba la Waholanzi kule Sochi, akanywa bia na mfalme, akampongeza bingwa. Wüst aliwaeleza waandishi wa Uholanzi kwamba rais alimuuliza kama mambo yake yalikuwa sawa pale Urusi, na kwamba walikumbatiana. Alilieleza kwa furaha, kama mtu anavyosimulia kukutana na mtu maarufu. Kisha akarudi kwenye barafu. Alipoondoka Sochi alikuwa na dhahabu mbili, moja ya mtu mmoja na moja ya timu, na fedha tatu. Medali tano katika mbio tano. Waholanzi siku hizo walizoa medali 23 kati ya 36 za mchezo huo.

Habari ya kukumbatiana niliisoma Tilburg miaka saba baadaye, usiku, kwenye simu, na nikakasirika. Dada huyu alikuwa na kipaza sauti ambacho hakuna mwingine angeweza kukipata. Dunia nzima ilikuwa imenyamaza ili imsikie. Sentensi moja tu ingetosha, na yeye akakumbatia.

Nilikaa na hasira hiyo siku kadhaa. Kisha nikaangalia tarehe.

*

Michezo ya Sochi ilifungwa Jumapili, tarehe 23 Februari 2014. Jumatatu yake, tarehe 24, kule Entebbe, Rais Yoweri Museveni alitia saini sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja mbele ya waandishi wa habari, yenye adhabu hadi kifungo cha maisha. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliibatilisha mwezi Agosti kwa sababu bunge halikuwa na akidi wakati wa kuipitisha. Sheria mpya, kali zaidi, ikaja mwaka 2023. Lakini wiki ile ya Februari hakuna aliyekuwa akiwaza akidi. Redio za Kenya zilizungumza jambo moja asubuhi na jioni.

Ijumaa ya wiki hiyo, kwenye paredi ya asubuhi, mwalimu mkuu wetu alisimama na gazeti mkononi. Sisi tulikuwa kidato cha tatu. Alisema Uganda wameonyesha njia. Alisema uovu huo umo hata humu, kwenye mabweni. Kisha akasoma majina mawili, na la pili lilikuwa la Zuhura.

Sheria ya Kenya ilikuwapo kabla ya hapo. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ni urithi wa Mwingereza. Kimoja kinazungumzia tendo kinyume cha maumbile, kwa kifungo hadi miaka 14, na kingine kinawataja wanaume peke yao. Mei 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikataa kuvifuta. Lakini shule haikuhitaji kifungu. Ilihitaji karatasi.

Niliitwa ofisini kwa sababu nililala kitanda cha chini. Walikuwapo walimu watatu. Waliniuliza nimeona nini, nikasema sijaona kitu, na ni kweli sikuona kitu. Wakaniuliza Zuhura ni nani kwangu. Nikanyamaza. Mwalimu mmoja, aliyekuwa mpole kuliko wengine, alinisogezea karatasi na kalamu, akasema, "Mwanangu, andika tu kama si rafiki yako, uende darasani."

Nikaandika. Nakumbuka mwandiko wangu ulivyokuwa mzuri siku ile. Niliandika kwamba mimi si rafiki yake, ni kitanda tu tulichopangiwa. Nikatia sahihi na namba yangu ya usajili.

Zuhura aliondoka kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba. Viatu vya mbio aliviacha juu ya kitanda kwa sababu vilikuwa vya shule. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama mambo yanayosemwa ni kweli; walimweleza. Hakukimbia tena. Sikumuaga.

Basi, kwa miaka saba mimi sikusema sentensi moja kwa mtu mmoja, halafu nikakaa Tilburg na blanketi miguuni nikimdai mwanamke mwingine aseme sentensi mbele ya Putin.

*

Sisemi haya kumtakasa Wüst. Bado naona angeweza kusema. Wapo waliolipa kwa kusema, hata Sochi kwenyewe, na majina yao hatuyajui kama tunavyolijua lake. Lakini tangu nikumbuke karatasi ile nimeanza kutofautisha ukimya na ukimya. Kuna mtu aliyefunga mlango wake kwa ndani kwa sababu amechoka na anataka kulala. Kuna mwingine amefungiwa kwa nje. Ukipita barabarani milango yote miwili inafanana.

Ukimya wa Wüst mbele ya waandishi mwaka 2009 ulikuwa wa kwanza. Angeweza kuufungua wakati wowote na hakuna ambacho kingemtokea: kazi yake ingebaki, timu ingebaki, wazazi wangebaki. Ukimya wa yule mwalimu mstaafu na kitanda chake cha bandia ulikuwa wa pili. Na kati ya hizo nyakati mbili, katika nchi ile ile, wapo watu waliosimama kwenye baridi ya Januari wakiwa na mabango, wasijue kama yupo mtelezaji atakayezaliwa Goirle na kufaidi. Sijui kama yeye huwafikiria. Haki iliyokamilika pengine ndiyo hiyo: anayeifaidi haoni sababu ya kuikumbuka. Lakini sisi ambao hatujaipata hatuwezi kuiga ukimya wake tukidhani ndio uhuru, maana kwetu una maana nyingine.

Ukimya wangu mwenyewe bado sijui ni upi. Mama akinipigia simu huniuliza kama nimepata mtu. Humwambia, "Mama, nimebanwa na kazi." Hucheka, akaendelea na habari za mashoga zake.

*

Kazi ya Wüst iliendelea zaidi ya vile wengi walivyodhani. Pyeongchang, Korea Kusini, Februari 2018: fedha ya mita 3000, akishindwa kwa sekunde 0.08, kisha siku mbili baadaye dhahabu ya mita 1500, kisha fedha ya timu. Alikuwa na miaka 31.

Tarehe 2 Januari 2019 alifariki rafiki yake mpenzi, Paulien van Deutekom, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2008 na aliyewahi kuwa naye timu moja. Saratani ya mapafu ilimchukua akiwa na miaka 37, muda mfupi baada ya kupata mtoto. Nimetazama picha za majira yale. Mchezo wa saa hauna huruma katika jambo hili: msiba haupewi sehemu za sekunde, na barafu haijui umelia usiku. Mwaka uliofuata Wüst akawa bingwa wa dunia wa umbali wote kwa mara ya saba.

Beijing, tarehe 7 Februari 2022. Mashindano yalikuwa alasiri ya China, kwetu Tilburg ni asubuhi. Tulikaa jikoni watu watano na kompyuta moja juu ya meza. Yule mwalimu mstaafu nilimwalika. Alikuja na biskuti na barakoa. Wüst alikuwa na miaka 35, akiteleza mbio ambazo Mjapani Takagi Miho alikuwa anashikilia rekodi yake ya dunia.

Mita 300 za mwanzo, kisha mizunguko mitatu kamili. Kwa kuwa nilishaanguka mara nyingi kwenye barafu yenye jina lake, sasa niliona nisichokuwa nikikiona: jinsi alivyokaa chini, paja likikaribia kulala sawa na barafu, na jinsi asivyoinuka hata pale miguu ilipokuwa inawaka moto. Katika mzunguko wa mwisho kila mtelezaji wa mita 1500 huanza kuinuka, kidogo kidogo, kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti ambacho hakipo. Yeye aliinuka kuchelewa kuliko wengine. Hiyo tu ndiyo tofauti niliyoweza kuiona kwa macho.

Saa ikasimama 1:53.28, rekodi mpya ya Olimpiki. Takagi akawa wa pili. Antoinette de Jong, Mholanzi, akawa wa tatu. Ireen Wüst akawa binadamu wa kwanza kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki tano, ziwe za kiangazi au za baridi. Miaka miwili baadaye, mjini Paris, mwanamiereka wa Cuba, Mijaín López, naye akafikisha tano. Kabla yao hakuwapo.

Siku chache baadaye aliongeza shaba ya timu. Jumla medali 13 za Olimpiki: dhahabu sita, fedha tano, shaba mbili, nyingi kuliko za Mholanzi yeyote na za mtelezaji yeyote wa mbio hizo. Mwezi Machi mwaka huo huo, katika uwanja wa Thialf, aliteleza mara ya mwisho na kuvua viatu. Mwenzi wake wakati huo, Letitia de Jong, naye alikuwa mtelezaji. Habari za kustaafu zilimtaja kama zinavyomtaja mwenzi wa mwanariadha yeyote, kwa nusu sentensi, kisha zikaendelea na medali. Nilipozisoma nilifikiri: lile jibu lake la 2009 limesikika hatimaye.

*

Asubuhi ile ya Beijing, baada ya kila mtu kuondoka jikoni, nilichukua simu. Namba ya Zuhura nilikuwa nayo tangu mwaka 2019. Binti mmoja tuliyesoma naye alinipa, na sikuwahi kuitumia. Anaishi Nairobi, ana duka la kutengeneza simu. Hayo ndiyo niliyoyajua.

Niliandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikaufuta. Nikaandika mfupi, nikaufuta pia. Mwishowe nilimtumia video ya mbio tu, dakika mbili kasoro, na chini yake: "Shoga, ni mimi wa kitanda cha chini. Tazama huyu. Mita 1500."

Alama mbili zikawa za buluu. Nikasubiri. Niliosha vikombe vyote, hata vile visafi. Nilijua maswali anayoweza kuniuliza na nilijua sina jibu la hata moja. Angeweza kuniuliza kuhusu karatasi. Angeweza kuniuliza namtumia vipi mwanamke huyu, kwa sababu gani, na nataka nini kwake baada ya miaka minane.

Jibu likaja baada ya karibu saa nzima.

"Huyu mzunguko wa mwisho kautumia muda gani? Naona kama hakuchoka."

Nikakaa kwenye sakafu ya jikoni. Kisha nikainuka kwenda kutafuta, maana kila mzunguko hupimwa na takwimu zote huwekwa hadharani. Nikamtumia mizunguko yote, mmoja mmoja. Akasema basi alichoka, ila alijua kuficha. Tukazungumza mbio kwa nusu saa: kona, pumzi, kwa nini mita 1500 ni umbali mbaya kuliko wote kwa kuwa ni ndefu mno kwa kasi na fupi mno kwa subira. Hatukuzungumza lingine. Hilo lingine lilikuja baadaye, nyumbani kwake, na si la kuandikwa hapa.

Kabla hajaaga siku ile nilimuuliza ile mbio ya kaunti, mwaka 2013, alikimbia muda gani. Nilidhani atasema hakumbuki.

"4:52.3," aliandika. "Na viatu vilikuwa vinanibana."